Nililala Dukani Makandana

Kwetu godoro jipya ni la mgeni. Linawekwa chumba cha wageni na nailoni yake haivuliwi; mgeni akijigeuza, nyumba nzima inasikia. Mwenye nyumba hulalia lililotolewa huko, ambalo tayari lina shimo katikati. Katika shimo hilo nimelala miaka tisa. Kila asubuhi jirani aliponisalimu "Ugonile?", yaani umelalaje, nilijibu nimelala salama huku nimeshika kiuno. Kiuno hicho kilibeba vikapu vya chai tangu usichana wangu, na sasa kilikuwa kinagoma hata nikiinama kupanda viazi.

Nikaenda kwenye duka moja la Makandana pamoja na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyeteremka kutoka Kisondela ili anisaidie kuchagua. Nimewatazama watu wengi wakinunua magodoro. Wote wanabonyeza kwa ngumi. Likiingia vizuri, wanasema zuri. Wifi alibonyeza matatu, akarudi kwenye lile laini kuliko yote.

"Hili. Mgeni atatusifu."

"Mimi silali kwa ngumi," nikasema. Nikavua mabuti ya mvua, nikamwomba muuzaji ayateremshe yote matatu.

"Mama yangu, godoro halilaliwi dukani!"

"Nailoni ipo. Sitalichafua."

Nikalala chali. Wanawake wawili waliokuwa wamejikinga mvua barazani wakaacha mazungumzo yao.

"Inuka, wifi. Hapa si wodini," wifi akanong'ona.

"Pitisha mkono chini ya kiuno changu."

Alipitisha, kwa aibu. Kwenye lile laini mkono haukupata njia, nilikuwa nimezama. Kwenye la pili, gumu kama benchi la kanisani, ulipita wote na nafasi ikabaki. Kwenye la tatu, la inchi nane, ulipita kwa kubanwa kidogo, na kiuno kikanyamaza. Sikuinuka. Muuzaji akakohoa. Nikaendelea kulala.

"Shangazi," mmoja wa wale wa barazani akaita, "ukimaliza, na mimi nijaribu?"

Nyumbani nililiweka lile la inchi nane kitandani kwangu, nikachana nailoni kwa kisu cha jikoni. Wifi akanidaka mkono.

"Wageni je?"

"Lile langu nimeshalipeleka chumbani kwao. Nimelilalia miaka tisa, sijafa."

"Watu watakusema."

"Waje waseme wakiwa wamelilalia."

Mvua haikukatika siku ile, kwa hiyo wifi hakuweza kurudi Kisondela. Akawa mgeni wa kwanza. Nilimtandikia shuka safi, nikampa blanketi zito, ila chumba sikubadilishana naye.

Asubuhi nilimkuta jikoni ameegemea ukuta.

"Ugonile, wifi?"

Alijinyoosha taratibu, mkono kiunoni.

"Lile duka," akasema, "linafunguliwa saa ngapi?"