Godoro la Canelo

Huko San Cipriano, Eliécer hupakia watu kwenye kigari cha mbao kinachovutwa na pikipiki juu ya reli. Mbwa wake Canelo alikuwa amewekewa humo godoro, turubai la mvua na mkanda asianguke. Mama mzazi wa Eliécer alikaa kwenye ubao mtupu.

Njiani wakakutana na kigari kingine. Reli ni moja, na chenye watu wachache ndicho hupisha. Watu wa Eliécer, waliokuwa wachache, wakashuka ili chao kiondolewe relini. Eliécer akambeba Canelo asichafuke. Mama akashuka mwenyewe, akateleza, akaketi topeni.

"Kwani huyo mbwa ndiye aliyekuzaa?" akauliza dereva mwenzake.

Waliporudi relini, Eliécer akamwonyesha mama godoro, macho chini.

"Hapo pana mwenyewe," akasema mama, akapanda ubaoni.