Chaza Akishabanduliwa

Bado naikumbuka, mwanangu, siku niliyoondoka Newala kwenda Mikindani. Basi liliteremka hadi Masasi, likapita Ndanda, na kila kilima kilipobaki nyuma nilijiona mtu mpya. Miguuni nilikuwa na furushi la ming'oko, mizizi ya porini tunayochemsha na kula, zawadi ya mama kwa mdogo wake, Mama Somoe, aliyeolewa pwani na kuishi kwa kuuza chaza.

Mji ule uliniteka. Kutwa nilizunguka kwenye nyumba kongwe za mawe, wazee wakinionyesha njia zilikopita pembe za ndovu, na walikopita watumwa. Huku nyumbani mama alikuwa peke yake, na korosho zimeanza kudondoka. Akipiga simu kuuliza narudi lini, namjibu, "Wiki ijayo." Moyoni nilikwisha kata shauri kutorudi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi Mama Somoe alinipa chuma cha kubandulia chaza, maji yalipokupwa. Sasa sisi watu wa korosho tumelelewa kuokota zote, hata moja isibaki chini ya mti. Nikaumaliza mwamba mzima, wakubwa kwa wadogo.

Wanawake wenzake walicheka hadi wakakaa chini. "Mama Somoe, huyu Mmakonde wako kaja kufagia bahari?"

Kwa haya nikaanza kuwarudisha wadogo mwambani, nikiwapanga mmoja mmoja.

"Acha, baba," alisema mama mdogo. "Chaza akishabanduliwa hashiki tena. Hao wataliwa na kaa." Akasuuza mikono, kisha akaniuliza polepole, "Na dada yangu je? Korosho anaokota na nani?"

"Peke yake, mama."

"Basi nenda. Wewe bado umeshika kidogo."

Kesho yake nilipanda basi, na furushi la chaza waliokaushwa miguuni. Sikurudi tena Mikindani. Msimu ule niliokota korosho na mama mpaka mti wa mwisho, akinitania kwamba pwani imenilainisha mgongo. Kwake ulikuwa msimu wa mwisho.

Tembea, mwanangu. Mimi mwenyewe hadi leo nikisikia honi ya basi miguu huniwasha, sitakukataza. Ila mzazi akikuuliza unarudi lini, usimjibu "wiki ijayo" ili tu anyamaze. Mpe siku, na siku hiyo ikukute mlangoni kwake. Mola akupe njia nyepesi, na akubakizie mtu wa kumrudia.