Simu Ilipoacha Kulia

Kazi yangu ni kukaa Mukendo, hapa Musoma, nikiangalia kwenye kompyuta kama mifumo ya kampuni moja ya mbali inapumua vizuri. Programu ya uangalizi huo ilikuwa ikinipigia simu kwa kila hitilafu, hata ya kipuuzi. Mwezi uliopita likaja toleo jipya. Sasa imeunganishwa na mifumo mingine yote, inakusanya hitilafu zinazofanana, nyingi inazitatua yenyewe, na inapiga simu pale tu anapohitajika mtu. Wenzangu walishangilia. Nami niliandika kwenye kundi letu la kazi "Hongereni", kisha nikagundua kuwa simu za programu hiyo ndizo pekee nilizokuwa nikipigiwa.

Jumapili, baada ya wiki nzima ya ukimya, nilimpigia shangazi yangu aliyeko Butiama.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Hakuna, shangazi. Nakusalimia tu."

"Wewe si unapigaga kukiwa na msiba?"

"Leo ni salamu tu, kweli."

Nikasikia kigoda kikiburutwa sakafuni.

"Haya baba, nimeshakaa chini," akasema kwa upole. "Niambie sasa."