Kitabu Kilichofukiwa na Ndizi

Majuzi maktabani Bukoba nilikiona kitabu kile rafuni, wazi kabisa. Nikakinusa mpaka dada wa zamu akanikazia macho. Hakikunukia ndizi.

Utotoni mwetu, mwalimu mkuu alikipiga marufuku, eti kinaharibu watoto. Atakayekutwa nacho, shule basi. Na dada yangu alikuwa nacho. Mchana mmoja tulisikia buti za mwalimu kibanjani, kwenye migomba yetu, zikitikisa Muleba nzima. Mama alikiviringisha kwenye majani ya mgomba, akakifukia katika shimo la kuivishia ndizi za rubisi, pombe ya harusi iliyokuwa inakaribia.

“Pekua tu, mwalimu,” alisema. “Ila ukifunua shimo kabla ya siku yake, pombe ya harusi utaileta wewe.”

Mwalimu akacheka, akaenda zake. Dada akabaki shuleni.

Mimi nilidhani Mama anakiivisha ili ubaya ukitoke, kama uchungu unavyoitoka ndizi mbichi. Kilipofukuliwa kilinukia utamu mtupu. Dada akatusomea, na Mama, asiyejua hata herufi moja, akacheka mpaka kuku wakahama kijiji. Nikaamini kimeiva.

Asante, Mama. Tangu siku ile, hadi masomo ya jioni ukubwani, kila kitabu nakinusa kwanza.