Kope za Nathanaeli

Mdogo wangu wa pekee anaitwa Nathanaeli, na mimi ndiye niliyekuwa nikimng'oa kope. Ninalisema hili mapema, maana hapa Issuna watu wana maneno mengi kuhusu kilichomrudisha nyumbani. Wengine wanasema alilogwa. Wengine wanasema vitabu vya Wazungu vilimzidi kichwa. Waongo wote, na akija mtu kwangu na habari hizo namtoa na ufagio.

Kwetu macho hayamalizi miaka mingi bila shida. Vumbi la kiangazi, inzi wa zizini, maji ya kunawa yasiyotosha: mtoto anaugua vikope, anapona, anaugua tena, mpaka siku moja ukope unajikunja kuelekea ndani na nywele zake zinaanza kukwangua mboni. Dawa yetu ilikuwa kikoleo kidogo cha chuma kilichofuliwa na mhunzi. Mama yetu, Hana, aling'olewa kope na bibi, kisha na mimi, mpaka aliponiambia niache kwa sababu hakuna tena cha kuokoa. Mboni zake zilikuwa zimegeuka nyeupe. Nikabaki na kikoleo, na sifa kijijini kwamba Damari ana mkono mwepesi. Sifa hiyo niliipenda sana.

Nathanaeli alianza kusumbuliwa akiwa sekondari Tabora. Hakulalamika, kwa kuwa kichwa chake chote kilikuwa kwenye hesabu. Likizo alikuwa anakuja na kamba ya katani yenye mafundo, anapima uwanja wa kupuria uwele, anapima zizi, anapima hata mbuzi. Siku moja alipima tembe letu pembe kwa pembe akagundua ukuta mmoja umeuzidi mwenzake kwa mkono mzima.

"Baba, nyumba yako imepinda," akasema.

Baba, mzee Gasto, alikuwa ananoa jembe wala hakuinua uso. "Imepinda, na ulizaliwa humo humo. Mbona wewe umenyooka?"

Tulicheka mpaka mama akauliza kuna nini.

Mwaka 1956 ikaja barua. Amechaguliwa kwenda Nairobi, kwenye chuo cha juu, kusomea uhandisi wa upimaji ardhi kwa gharama ya serikali, na akimaliza ataajiriwa kuwa mpima. Hilo neno alinisomea mara tatu. Sisi tulizoea kuona magari ya upimaji yakipita kwenda Singida, na Waafrika waliokuwamo kazi yao ilikuwa kufyeka vichaka, kuburuta mnyororo na kubeba kile chombo chenye miguu mitatu. Aliyechungulia kwenye chombo siku zote alikuwa Mzungu. Nathanaeli alitaka kuchungulia yeye. Hakutaka kitu kingine duniani.

Lakini barua ilikuwa na sharti: kwanza akaonwe na daktari Dodoma, na macho yawe mazima.

"Dada, nimweleze daktari kwamba kope zinanichoma?"

"Ukimweleza atakuandika mgonjwa, na utarudi hapa kulima uwele," nikamjibu. "Wewe nyamaza. Nitakutengeneza mimi."

Siku ya safari nilimkalisha kwenye kigoda alfajiri, uso wake ukielekea mlangoni, nikang'oa moja moja mpaka ukope ukawa mtupu. Nikamwosha kwa maji ya uvuguvugu. Macho yakatulia, wekundu ukapungua. Dodoma akasoma herufi zote ukutani, hata zile ndogo za chini kabisa, akapita. Aliporudi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Alipoondoka kwenda Nairobi nilimfungia kikoleo cha mama ndani ya kitambaa, nikamwambia awe anajing'oa mwenyewe mbele ya kioo.

Nilijiona mwerevu kuliko daktari. Mungu anisamehe.

Mwaka wa kwanza alifanya vizuri, maana ulikuwa wa darasani. Mwaka wa pili wakatoka nje, kwenye jua na vumbi. Akaandika kwamba ndani ya kile chombo kuna mistari myembamba sana ya kusomea pembe, na kwamba ukipima pembe zote za shamba na kuzijumlisha, hesabu lazima ifunge. Isipofunga, umekosea mahali. Za kwake zilikuwa zimeanza kugoma kufunga. Hakusema kwa nini, wala mimi sikuuliza, lakini nilijua. Kope inayong'olewa huota tena, na ile inayokatikia njiani huota fupi na ngumu, inachoma kuliko ya kwanza. Nilikuwa nimeyaona hayo kwa mama. Niliyaona, nikayasahau kwa tamaa ya kuwa na ndugu mpima.

Mwaka 1959 alirudi kabla ya mtihani wa mwisho, ameshikwa mkono na mwenzake wa chuoni, Melkizedeki, kijana wa Iramba. Nathanaeli akaingia ndani kumwamkia mama. Nilisikia "Shikamoo, mama," kisha nikaona mlangoni mama akimpapasa uso mpaka kwenye kope.

Melkizedeki alibaki nami uani. Alikuwa na hasira, na hakujua anazungumza na nani.

"Muda wote huu nilikuwa namsomea mistari mimi," akasema. "Ukaja mtihani wa kupima nje, na huo kila mtu anapima peke yake. Pembe zake zikakataa kabisa. Mwalimu akamtazama macho, akampeleka kwa daktari. Unajua daktari alisemaje, dada? Alisema ni upasuaji mdogo tu wa kugeuza ukope, kazi ya nusu saa. Angekuja kabla ya kuanza masomo, leo angekuwa mpima. Sasa mboni zina makovu. Sijui mjinga gani alimwambia afiche."

Nilikuwa nimeshika kibuyu cha maji ya kumkaribisha. Nikampa, akanywa, akanishukuru.

"Daktari hakumuuliza ni nani?" nikasema.

"Alimuuliza. Akasema alijishauri mwenyewe."

Tangu hapo Nathanaeli anakaa kwenye kigoda kile kile, upande wa mama. Kazi ya kulima hawezi, jua linamtesa. Nimemwambia mara nyingi twende hospitali wamgeuze ukope, angalau maumivu yaishe, ananijibu, "Ya nini tena?" Kikoleo alirudi nacho, na kope namng'oa mimi. Kamba yake ya mafundo nimefungia ndama, kwa sababu alinitaka mwenyewe niitumie.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa nimeshika kichwa chake, kikoleo mkononi, nikamuuliza kwa nini hakunitaja kwa daktari. Nilitaka anitukane. Ningepata nafuu kama angenitukana.

Akafumba macho kwanza, yalikuwa yanamtoka machozi kwa kuchomwa.

"Ningekutaja ungejua kosa ni lako, dada," akasema. "Na ukishajua, usingekubali kuning'oa tena. Mwingine ni nani?"

Nikamgeuzia uso kwenye mwanga wa mlangoni, nikang'oa.