Msafara Uliovuka Lukuga kwa Miguu

Mimi si mtu wa kunyamaza. Siku redio iliposema mafuta yamepanda kwa sababu ya kodi ya kupunguza moshi, nilicheka kwa sauti. Sisi wa mji wa Kalemie tupunguze moshi? Hapa bibi harusi hutolewa kanisani kwa msafara wa magari na pikipiki, honi mpaka masikio yazibe, kuvuka daraja la mto Lukuga na kurudi, wote waone. Nilisema hakuna kodi ya kutunyang'anya hiyo.

Binti yangu wa kwanza alikuwa anaolewa mwezi uleule. Wenye magari waliotuahidi wakaanza kurudi nyuma: huyu gari limekufa, yule ana safari. Ndipo shangazi wa bwana harusi akaja kwangu, akakaa bila hata kuegemea kiti.

"Mama, mutoto wetu hawezi kuoa kimya kimya. Kama musafara hakuna, tungojee mpaka mafuta ishuke."

Binti yangu alikuwa jikoni, akasikia. Nilipomwona analia juu ya sufuria, hasira zikanipanda.

"Harusi njo Jumamosi," nikasema. "Na musafara iko. Ya miguu."

"Ya miguu? Sawa vile tunaenda soko?"

"Sawa vile tunaenda harusi, Mama."

Jumamosi wanawake wa kwaya tulivaa kitenge kimoja, tukatoka kanisani tukiimba, bendi ya parokia mbele. Wenzetu wa upande wa bwana harusi, kwa ubishi, walikuwa wamekodi gari moja ili watupite kwa honi. Watapitia wapi? Zamani watu walitazama msafara ukipita, wakabaki na vumbi. Safari hii tulikwenda polepole, hivyo wakajiunga nasi: wauza samaki wadogo wa ndakala, mafundi cherehani, akina mama na watoto mgongoni. Gari likatambaa nyuma yetu likila mafuta bure, mpaka dereva akachoka akazima injini. Nilipogeuka darajani, shangazi alikuwa ameshuka, viatu mkononi, anacheza kunizidi. Binti yangu alitembea kichwa juu, na mimi nilijivuna bila haya.

Sisemi kodi imetubadilisha. Mpaka leo watu wanapanda pikipiki kwenda nyumba ya pili. Lakini juzi shangazi yule alirudi kwangu. Binti yake anaolewa, na mume wa shangazi amekwisha kununua gari lake mwenyewe.

"Mama, utatuongozea musafara?"

"Ya gari?"

"Aa, Mama. Ya miguu."

Nikacheka kwa sauti, nikaenda kuwaita wanawake wa kwaya.