Sentensi Aliyokataa Tupokigwe

Tupokigwe, mjane wa Kinyakyusa, alifua nguo katika misheni moja nje ya mji wa Mbeya. Mwanawe wa pekee, Lutengano, alikuwa Chunya akichimba dhahabu. Kila alipomkumbuka, aliona giza la shimo.

Mwaka 1959 alifika Mzungu kijana kuchunguza Kinyakyusa, na Mwalimu Yotamu akawa mkalimani wake. Kijana yule alifuata nadharia mpya: kichwani mwa kila mtu mna kanuni chache zinazozaa sentensi zisizo na mwisho, hata zile ambazo hakuna aliyewahi kuzisema. Tupokigwe aliitwa asikilize, aamue kama sentensi inasemeka. Kama ni ya kweli au si ya kweli, hilo halikuwahusu. Walipomwambia kwamba mawe yamelewa, alicheka mpaka akajifuta machozi, akaikubali.

Kisha Mzungu, akitafuta jina la mfano, akachukua la mwanawe. Lutengano alichimba shimo. Inasemeka. Shimo lilichimbwa na Lutengano. Inasemeka. Shimo alilolichimba Lutengano lilimfukia.

Tupokigwe akatikisa kichwa. Kwao neno baya juu ya mtu halitamkwi ovyo. Pumzi ya msemaji humfuata aliyetajwa, ikamletea lile lililosemwa.

"Haisemeki," alisema.

"Mama, mbona inasemeka," Yotamu alimnong'oneza.

"Basi iseme juu ya mwanao, mwalimu."

Mzungu alipoelezwa aliona haya, akaikanusha upesi: shimo halikumfukia. Tupokigwe akauliza ile iliyosema lilimfukia imekwenda wapi. Kijana akamjibu kama alivyofundishwa.

"Haijaenda popote. Hii imezaliwa na ile. Bila ile, hii isingekuwepo."

Nguo aliziacha kwenye beseni. Alipanda lori la Premji, mfanyabiashara wa mjini, lililokuwa likienda Chunya.

Alimkuta Lutengano mzima, vumbi mpaka kwenye kope. Akamsihi arudi nyumbani.

"Kuna nini, mama?"

Kumweleza kungemlazimu aitamke sentensi ile. Akasema amechoka kuishi peke yake. Lutengano akacheka, akamwambia basi ahamie huku, kisha akashuka tena shimoni.

Tupokigwe akahamia. Akapanga mafiga hatua chache kutoka mdomo wa shimo, akawa anawauzia wachimbaji uji. Udongo ulipoporomoka kidogo, kama unavyoporomoka kila siku, mwiko ulimtoka mkononi, akasimama bila kuita jina la mwanawe, mpaka aliposikia sururu ikigonga tena.